UZI: Unyunyu wa matunda na maua kwa mabinti, wa kuchanganya mwenyewe kwa bei nafuu (chupa ya mil 50)

#1 Mzani_Mdogo

Wakuu, dada zangu, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache swali ni lilelile: binti yuko chuo, anataka unyunyu mchangamfu wa matunda na maua, usiowaumiza kichwa abiria wenzake kwenye daladala, na mfuko ni mwembamba. Majibu yanakuwa orodha ya majina ya chupa. Leo tuweke vipimo. Tunatengeneza chupa moja ya mil 50 kwa mafuta ya kupima, yale yanayouzwa Kariakoo, Darajani, Eastleigh na kwingineko.

Kundi hili la harufu lina umbo moja, la bei ndogo na la bei kubwa. Juu tunda, katikati ua, chini miski na utamu kidogo wa vanila. Bright Crystal ya Versace (2006) inafunguka kwa komamanga na yuzu, katikati peoni na magnolia, chini miski. Daisy ya Marc Jacobs (2007) inaanza na stroberi, inapita kwenye gadenia na yasmini, inatulia kwenye miski na vanila. Mtunzi wa zote mbili ni Alberto Morillas. Pita dukani uzinuse, kunusa ni bure, utaiona ramani nzima.

Kosa la wengi ni hili: wanapenda dakika tano za kwanza, basi wanajaza tunda. Na tunda ndilo linaloruka mapema kuliko vyote. Nusu ya mafuta ikiwa pera na tufaha, saa moja baadaye binti hanukii kitu, halafu analalamika kauziwa feki. Mafuta ni mazima, mgawanyo ndio mbovu.

Kwa uzito, mafuta yote gramu 8:

Tunda gramu 2.5
Ua (peoni, frisia au waridi jepesi) gramu 3.5
Miski nyeupe yenye vanila kidogo gramu 2

Kisha ethanoli ya asilimia 96, mil 38, na maji safi yaliyokenekwa mil 2. Jumla inakuwa kama mil 48, na mil 2 zilizobaki ni nafasi ya hewa, kwa sababu kimiminika hiki hutanuka kwenye joto.

Namna ya kufanya. Weka chupa ndogo ya kioo juu ya mzani wa sonara (unaosoma hadi 0.01), anza na miski, fuata ua, malizia na tunda. Mpangilio huo si ushirikina: tunda jepesi likitangulia, linaruka wakati wewe unahangaika kupima mengine. Funika, acha siku 2 au 3. Ongeza ethanoli, tikisa taratibu, weka kabatini penye giza wiki 2, zikifika 4 ni bora zaidi. Maji yanaingia mwisho, tone kwa tone. Ifunge vizuri, ilaze friza usiku mmoja, kisha ichuje ikiwa bado ya baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Mimina kwenye chupa ya kupuliza.

Kwa hesabu ya mfuko, sehemu ghali ni mafuta. Tuseme duka linapima mil moja kwa Sh 1,000, basi mafuta ni kama Sh 8,000, na juu yake ethanoli na chupa. Mpulizo mmoja hutoa karibu mil 0.1. Chupa hii ina mipulizo kama 480. Kwa minne kwa siku, ni miezi minne.

#2 Dawa_na_Spiriti

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwenye ethanoli ndipo watu wanapoharibu, ngoja nipafafanue kabla mtu hajakimbilia duka la dawa.

Surgical spirit: hapana. Ndani yake huwekwa methili salisilati, ile harufu ya dawa ya kuchua misuli, pamoja na mafuta ya mbarika. Unyunyu wako utanukia chumba cha majeruhi.

Spiriti ya kuwashia jiko, ile ya zambarau au bluu: hapana kabisa. Ina methanoli, nayo hupenya ngozi na kuvutwa kwa pumzi. Ukiiacha bila kufunikwa rangi haiondoki na sumu haiondoki.

Vitakasa mikono: jeli yake inaganda kwenye mrija wa kupulizia, na giliserini inaacha ngozi ikinata.

Konyagi: ina asilimia 35 tu. Mafuta hayatayeyuka, utapata maziwa. Gongo ndiyo usiitaje.

Isopropili inayeyusha mafuta sawasawa lakini harufu yake kali inalifunika tunda kwa dakika kadhaa za mwanzo, yaani zile zile ulizonunulia tunda.

Unachotaka ni ethanoli ya 95 au 96, ya vipodozi. Mara nyingi huwa imetiwa kitu kichungu ili isinywewe. Hicho hakina harufu, hakisumbui. Itafute kwa wauza kemikali za vipodozi na sabuni, na umwombe muuzaji akuonyeshe lebo ya dumu lenyewe. Chupa ya maji ya Kilimanjaro iliyojazwa nyuma ya kaunta usiipokee.

Na jamani, mvuke wa ethanoli hushika moto hata kwenye nyuzi joto za kawaida za Dar. Usichanganyie jikoni, gesi ikiwa imewaka upande wa pili. Kwenye friza pia kizibo kikaze kabisa.

#3 Binti_wa_Makumbusho

Samahani kuuliza, hiyo ni asilimia ngapi? Gramu 8 kwenye mil 50 ni 16. Mbona watu wanasema pafyumu ya kweli ni 20?

#4 Mzani_Mdogo

Dada, swali zuri, na mabishano mengi humu hutokana nalo. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji, mil 38 zina uzito wa kama gramu 31. Jumlisha maji gramu 2 na mafuta 8, chupa nzima ni gramu 41 hivi. Nane ndani ya 41 ni karibu asilimia 20 kwa uzito. Kwa ujazo ni 16 au 17. Kitu kilekile, namba mbili. Viwanda hupima kwa uzito, wauzaji wa mtaani hupima kwa mil, ndiyo maana watu wawili wakweli wanaweza kubishana usiku kucha.

Ukitaka ya kupuliza mwili mzima baada ya kuoga, asilimia 2 au 3 inatosha.

#5 Duka_la_Kupima

Nampinga mleta uzi kidogo. Uliza maduka kumi "nipe pera peke yake", tisa watakushangaa. Kinachouzwa ni mafuta ya "aina ya fulani", yaani harufu kamili iliyofanana na chupa maarufu. Sasa mtu atapata wapi gramu 2.5 za tunda?

#6 Mzani_Mdogo

Kweli mkuu, hapo umenibana. Njia ya pili basi: chukua mafuta kamili ya aina ya matunda na maua gramu 6, ongeza miski nyeupe gramu 1.5, na waridi au yasmini gramu 0.5. Miski nyeupe na waridi vipo kila duka. Ethanoli na maji vilevile. Unayapa miguu mafuta ambayo tayari yana kichwa.

Usichanganye aina tatu kamili kwa pamoja. Kila moja tayari ina juu, kati na chini yake. Zikikutana, hakuna inayosikika. Harufu inakuwa ya saluni ya mwisho wa siku.

#7 Esta_na_Laktoni

Niongeze upande wa kemia, kwa wanaopata malighafi moja moja, maana neno "tunda" limebeba vitu vyenye tabia tofauti mno.

Pera na tufaha vinatoka kwa esta nyepesi kama heksili asetati. Zinapendeza, ila huruka haraka. Pichi ni habari nyingine: gama-undekalaktoni, ambayo sokoni bado inaitwa "aldehidi C-14". Si aldehidi, na kaboni zake ni 11, jina tu limegoma kufa. Mitsouko ya Guerlain ya 1919 ilijengwa nayo. Tone lake kwenye karatasi ya kunusia linadumu siku kadhaa. Rasiberi ketoni nayo inakaa. Huja kama chenga nyeupe, iyeyushe kwenye ethanoli kabla ya kuipima. Litchi hupatikana kwa oksidi ya waridi, kidogo sana, na uzuri wake ni kwamba imesimama mpakani, nusu tunda nusu ua.

Kwa hiyo zile gramu 2.5 ningezigawa hivi: pichi 1.2, pera 0.8, litchi au rasiberi 0.5. Pera inasalimia, pichi inabaki na mgeni.

Tahadhari na mafuta ya "kasisi", lile tunda dogo jeusi la Ulaya (blackcurrant), na baadhi ya mafuta ya pasheni na embe. Harufu zao hutokana na michanganyiko yenye salfa. Kiasi kidogo ni tunda bichi lenye uhai. Ukizidisha ni mkojo wa paka, na hakuna cha kuuondoa. Iyeyushe kwanza moja kwa kumi kwenye ethanoli, halafu toa matone humo.

Kitu cha mwisho: usikamulie ganda la ndimu au limau ndani ya chupa eti kuongeza uchangamfu. Mafuta ya ganda yaliyokamuliwa yana furokumarini. Ngozi ikipigwa na jua inaungua na kuacha alama nyeusi. Na limonini (limonene) iliyomo humo ikizeeka huchukua oksijeni na kuanza kuwasha ngozi.

#8 Asumini_Pemba

Assalaam alaykum. Mnasema tunda tu, ua hamjalifanyia haki.

Peoni haitoi mafuta ya kukenekwa, frisia vilevile. Kilichomo chupani ni cha kutungwa, kizuri lakini chembamba. Ndiyo maana pafyumu nyingi za bei ndogo zinanukia sabuni ya unga. Dawa yake ipo huku kwetu: langilangi. Matone mawili, matatu yasizidi, ndani ya chupa hiyo ya mil 50. Ua linapata mwili, linakuwa la kweli. Ukitia kumi, tunda limezikwa na kichwa kinauma. Na wenye ngozi nyepesi huwasha, kwa hiyo kipimo ni kipimo.

Asumini ya kweli ni ghali kwa sababu maua ni mengi mno kwa mafuta kidogo. Viwandani hutumia Hedione, malighafi ya kutungwa yenye harufu nyepesi ya asumini, ambayo haipigi kelele. Inafanya ua lipumue. Mkiipata, toeni nusu gramu kwenye zile 3.5 za ua muweke yenyewe.

Mafuta ya karafuu na makonyo msitie humu. Nayapenda kuliko nyinyi nyote, lakini kwa harufu hii ni kama kumvalisha mtoto wa shule koti la bwana harusi.

Jingine. Someni lebo za mafuta ya maua. Ikiwa imeandikwa Butylphenyl Methylpropional, iacheni. Ilitumika sana kwa harufu ya yungiyungi, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022. Shehena za zamani bado zinaweza kuwa rafuni.

#9 Mrembo_254

Wadau, swali kutoka Nairobi. Mchanganyiko ulikuwa safi kama glasi, kuongeza maji tu ukawa mweupe kama uji. Umeharibika ama?

#10 Esta_na_Laktoni

Haujaharibika. Maji yamezidi kiasi ambacho ethanoli inaweza kuyapatanisha na mafuta, kwa hiyo mafuta yamejitenga kuwa vitone vidogo mno. Harufu za machungwa na limau ndizo hutangulia kujitenga.

Ongeza ethanoli mil moja moja huku ukitikisa, mpaka weupe uondoke. Kwa kawaida mil 3 hadi 5 zinatosha kwa chupa hii. Ukungu mwembamba ukigoma, friza usiku mmoja na uchuje ukiwa baridi. Ukiuacha upate joto kabla ya kuchuja, kilichojitenga kinayeyuka tena na umefanya kazi bure.

Angalia pia asilimia ya ethanoli yako. Ikiwa ni ya 70, tayari ina maji ya kutosha, usiongeze tone.

#11 Duka_la_Kupima

Na kama ulikuwa mweupe hata kabla ya maji, basi huenda mafuta yenyewe yamechakachuliwa. Jaribio: mil 1 ya mafuta, mil 9 za ethanoli ya 96, kwenye chupa ya kioo cheupe, tikisa, acha mpaka asubuhi. Ukiona matone mazito yametulia chini, hayo ni mafuta ya kupikia au mfano wake. Hayayeyuki vizuri kwenye ethanoli, na ni mazito kuliko ethanoli, basi yanazama.

Jaribio hilo halikamati kila kitu. DPG (dipropilini glaikoli, kimiminika kisicho na harufu) inayeyuka kimya kimya, nayo ndiyo hutumika sana kupunguzia nguvu. Kwa hiyo pima pia kwa karatasi: tone la mafuta yako na tone la mafuta unayoyaamini, karatasi mbili, andika saa, nusa baada ya dakika 10, saa 1, saa 6 na kesho yake. Usinuse zaidi ya nne kwa mkupuo. Zile punje za kahawa za kaunta ni mapambo. Toka nje uvute hewa, au nusa kiwiko chako.

#12 Binti_wa_Makumbusho

Miski nyeupe nainusa sioni kitu. Muuzaji anasema ni kali. Nani mkweli?

#13 Esta_na_Laktoni

Wote wawili. Molekuli za miski ni kubwa, na watu wengi pua zao hazizisikii baadhi yake, Galaxolide ikiwa mojawapo. Hivyo usiongeze miski kwa kuifuata pua yako peke yake. Mpe mwenzako anuse, au fuata mzani. Anayeongeza mpaka aisikie yeye, wenzake darasani wanahama viti.

#14 Ukhti_Kisauni

Kwa sisi tusiotaka ya spiriti, vipimo ni vipi?

#15 Mzani_Mdogo

Chupa ya kupaka yenye kigololo, mil 10: mafuta ya harufu mil 2, mafuta ya nazi yaliyochujwa yasiyoganda mil 8. Nazi ya kawaida ya kupikia haifai. Inaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kigololo kinakwama, na ina harufu yake inayogombana na pichi.

Ujue tu kwamba bila ethanoli tunda halirukii pua. Linakaa karibu na ngozi. Kwa njia hii punguza miski kidogo, ongeza pera na litchi, kwa sababu mafuta yanapunguza kasi ya kuruka na tunda linadumu zaidi. Paka nyuma ya masikio na mikunjo ya viwiko. Usipake juu ya shela au buibui la rangi nyepesi, doa la mafuta halitoki.

#16 Mrembo_254

Na ya spiriti inapuliziwa wapi ndio ikae siku nzima? Huku baridi, huko kwenu joto.

#17 Asumini_Pemba

Mwanangu, ngozi kavu hula manukato. Paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu pale utakapopulizia, kiasi cha punje ya mchele, halafu mipulizo miwili ya ngozi na miwili ya nguo, umbali wa shubiri moja. Usisugue viganja. Nguo hushika harufu kuliko ngozi, lakini hariri na nguo nyeupe zikwepe, vanila huacha umanjano.

Huku pwani joto linaamsha kila kitu kwa pamoja, mipulizo mitatu inatosha. Nyinyi wa baridi ongezeni mmoja. Chupa isikae dirishani wala kwenye gari.

#18 Kizibo

Upande wa chupa, maana hamjagusa. Nunueni yenye kizibo cha kuzungusha. Zile za kubana shingo zinahitaji mashine yake, na ukibana kwa koleo inavuja pembeni. Ndani ya mwezi utakuta nusu. Plastiki ngumu inayong'aa kama kioo msitumie, mafuta ya harufu yanaipasua nyufa ndogo ndogo. Bomba la sindano lenye raba nyeusi litumieni kwa ethanoli tu. Kwenye mafuta raba inavimba na kukwama baada ya muda mfupi.

#19 Duka_la_Kupima

Kwa wale ambao wameshaanza kuwaza biashara: kutengeneza ya kwako ni jambo moja, kuuza ni jingine. Tanzania vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA. Bidhaa isajiliwe, lebo iwe na viambato, ujazo, tarehe na jina lako. Na jina la kampuni ya watu usilibandike kwenye chupa yako, hata ukiandika "aina ya" kwa herufi ndogo.

Kabla hujampa mtu yeyote: tone kwenye ngozi ya ndani ya mkono, saa 48, bila kuosha sehemu hiyo kwa sabuni.

#20 Binti_wa_Makumbusho

Wiki ya pili leo. Harufu imetulia, ukali wa spiriti umeisha. Lakini imegeuka waridi! Rangi, si ua. Mafuta yalikuwa meupe kabisa. Nimeitunza gizani kama mlivyosema.

#21 Esta_na_Laktoni

Ingekuwa kahawia au manjano ningesema vanilini, hiyo hugeuka taratibu na haina neno. Waridi ni dalili ya chuma. Ule utamu wa pipi kwenye mafuta ya namna hii ni ethili maltoli, nayo ikikutana na chuma hutoa rangi ya waridi hadi nyekundu. Umekorogea nini?

#22 Binti_wa_Makumbusho

Kijiko cha chai. Kina kutu kidogo kwenye shingo.

#23 Esta_na_Laktoni

Ndicho. Kwa chuma kidogo namna hiyo harufu haijaguswa, ila usiipulizie nguo nyeupe. Chupa ijayo koroga kwa kijiti cha kioo au tikisa tu, na angalia springi ya kizibo: ikiwa iko ndani ya njia ya kimiminika na imeanza kutu, badilisha kizibo kabla hujajaza.